Walidhani Nimeleta Fungu

Siku yangu ya mwisho kazini hapakuwa na mtu wa kuniaga isipokuwa mama aliyeutunza ukumbi. Wengine walikwishaondoka kabla yangu, mmoja mmoja, kila mmoja akiagwa na kundi dogo kuliko la aliyemtangulia. Mama huyo alinunua keki. Tukakata vipande viwili, tukala tumesimama, kisha tukaitazama iliyobaki bila kujua tuifanye nini.

Hiyo ilikuwa Wales, kwenye bonde ambalo zamani lilikuwa la wachimba makaa ya mawe. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikwenda kule kusoma, nikaolewa, nikaachika, nikabaki. Nilipata kazi katika halmashauri ya wilaya. Kazi yenyewe ilikuwa kuvisaidia vikundi vya pale bondeni kuomba pesa za kuinua maeneo yaliyoachwa nyuma, na pesa hizo zilitoka katika muungano wa nchi za Ulaya. Ndizo zilizougeuza ukumbi wa wachimbaji kuwa chuo kidogo cha ufundi. Zililipa mwalimu wa kuchomelea vyuma na mwalimu wa kutunza wazee, na zililipa mshahara wangu. Mlangoni palikuwa na kibao cha buluu chenye nyota za manjano. Watu walipita chini yake kila siku kama wanavyopita chini ya taa ya barabarani.

Kisha ikaja kura ya kuamua kama nchi itoke katika muungano ule au ibaki. Jirani yangu Mpolandi, aliyeishi pale muda mrefu kuliko mimi, hakuruhusiwa kupiga kura. Mimi niliruhusiwa, kwa kuwa natoka nchi waliyoitawala wao zamani. Nikapiga ya kubaki. Mtanzania amekulia ndani ya neno muungano. Nyumbani kwetu baba alikuwa Mpemba na mama mtu wa Tanga, nao waliugombania Muungano wetu wakati wa chakula, sauti zikapanda mpaka majirani wakasikia, kisha wakanawa mikono, wakala sinia moja. Nilidhani miungano yote iko hivyo: inalalamikiwa, haivunjwi.

Asubuhi ya matokeo mama wa ukumbi alinimiminia chai, akaniambia waziwazi kwamba yeye alichagua kutoka.

"Usininunie, kipenzi," alisema. Alimwita kila mtu kipenzi. "Zile pesa zilikuwa zetu tangu mwanzo. Zinakwenda kule kwao, zinarudi zimepungua. Sasa zitatufikia moja kwa moja."

"Kutoka wapi?"

"London."

"London imewahi kukuletea nini?"

Akacheka. "Italeta tu. Si wameahidi?"

Sikumnunia. Mumewe alikuwa amefariki kwa maradhi ya mapafu ya machimboni, na yeye mwenyewe, katika maisha yake yote, hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini mpaka siku ile alipopewa karatasi na kalamu.

Ahadi ilikuwapo, na sitasema haikutimizwa. Kwa muda pesa za zamani ziliendelea kuja, maana miradi ilikwishapitishwa, na watu wakasema unaona, hakuna kilichobadilika. Halafu zikaisha, likaja fungu jipya kutoka serikali kuu. Fungu la zamani tulilipangia miaka mingi mbele. Hili jipya lilitaka litumike upesi, kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, na hakuna aliyejua kama mwaka unaofuata litakuwapo. Huwezi kumpa mwalimu wa kuchomelea mkataba wa miezi michache ukategemea asitafute kwingine. Akapata kwingine. Mwalimu wa kutunza wazee akafuata, halafu wanafunzi. Ofisini meza zilibaki na kompyuta zilizofunikwa. Nilizoea kula chakula changu cha mchana nikitazamana na kiti cha mwenzangu aliyehamia Bristol, nikawa wakati mwingine nasema kitu kwa sauti kisha nakumbuka kwamba hayupo.

Kwa hiyo profesa mmoja wa Columbus, Amerika, aliponipigia simu, nilikubali kabla hajamaliza. Chuo chake kilikuwa kimepata msaada wa kuchunguza maeneo yanayokatikiwa na fungu la maendeleo: watu wake hufanya nini, huliziba vipi pengo. Wasomi aliokuwa nao walimtosha. Alitafuta mtu wa kwenda kuwasikiliza watu, na aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake.

Nilifika katikati ya baridi, nikapanga huko Whitehall, kitongoji cha Columbus, kwenye majengo ya ghorofa mbili yanayouzunguka uwanja wa kuegesha magari. Kila mtu pale ana gari. Hutoka mlangoni akaingia ndani ya gari, akirudi hutoka garini akaingia mlangoni. Mimi sikuwa nalo, wala sikujua kuendesha. Nilitembea hadi kituo cha basi pembeni mwa barabara kubwa, mahali ambapo hata njia ya waenda kwa miguu ilikatika ghafla, nikakanyaga theluji. Siku zikapita bila kumsalimia mtu.

Ramadhani ikanikuta hapo. Nilifuturu nimesimama jikoni, tende mkononi, dirisha likionyesha magari. Jioni moja nilikuwa nagombana na simu kwa sauti, maana programu ya benki ilikataa kunitambua, mara mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya ghalani.

"Samahani dada," alisema. "Nimesikia mtu anasema 'hebu acha ujinga wako' nikajua huyu ni wa nyumbani."

Alikuwa mwenyeji wa Moshi, anakaa ghorofa ya juu yangu na mumewe na watoto. Hatukujua kwa majuma kadhaa kwamba tunakanyagana vichwa. Aliniletea uji, ingawa yeye ni Mlutheri na hakuwa amefunga. Nikapanda kwao mara kadhaa. Watoto niliwaambia "hamjambo", wakanijibu kwa Kiingereza, wakarudi kwenye vioo vya simu zao. Kisha kabla ya kiangazi wakanunua nyumba upande wa pili wa jiji. Tulisaidiana kubeba maboksi. "Tutatembeleana, dada," alisema, na nadhani alimaanisha. Lakini kwa basi ni safari ya kubadilisha mara mbili, naye hufanya kazi wikendi.

Kazi ya kusikiliza ilianzia Louisville. Huko, katika mtaa wa Beechmont, kulikuwa na kikundi cha akina mama wa Kikongo waliokuwa wakisomeshwa kazi ya kutunza wazee, kwa pesa za maendeleo zilizopitia halmashauri ya jiji. Pesa zikakatika. Nilimpigia simu kiongozi wao, mke wa mchungaji, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Tanga kwamba nashughulika na habari za mafungu ya maendeleo, na ningependa kuja kuonana nao. Akafurahi sana. Akaniuliza nakula samaki au nyama.

Nilisafiri kwa basi kupitia Cincinnati, nikafika Jumamosi mchana. Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa. Nilipoingia, akina mama wote walisimama. Walikuwa wamevaa vitenge vya sare, vipya, mkunjo wa dukani bado unaonekana. Wakaimba. Wakaniketisha mbele, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, na mezani nikaona sombe, yaani kisamvu, fufu, samaki, wali, ndizi, vyote vimefunikwa. Nilianza kuhofu wimbo ulipofika ubeti wa pili, maana niliyasikia maneno: walikuwa wanamshukuru Mungu kwa kuwakumbuka.

Mke wa mchungaji akasimama.

"Bon, mama, karibu sana. Bamama bote bako hapa, hakuna ata moja alibakia ku nyumba. Sisi tulikuwa tunaomba tangu ile masomo ilisimama. Donc, tunapenda kujua: ile fonds itaanza mwezi gani?"

Nikasimama. Nikasema asanteni. Nikasema labda sikujieleza vizuri kwenye simu. Nikasema mimi sileti fungu, natoka chuo kikuu, nimekuja kuwauliza wamefanyaje baada ya fungu kukatika, ili yaandikwe, na yakiandikwa huenda wakubwa wakasoma. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikia Kiswahili changu kinavyozidi kuwa cha redioni.

Mama mmoja kijana akatoa simu yake akaanza kuitazama. Mwingine akauliza, si kwa ubaya, "Haiko weye njo mwenye kuleta feza?"

"Si mimi, mama."

"Sasa nani?"

"Sijui."

Mke wa mchungaji alitazama chini kidogo, kisha akapiga makofi. "Bon. Chakula iko tayari. Mutu hawezi kutoka mbali vile akarudia na njaa."

Tukala. Walinipakulia mimi kwanza, na kila nilipomaliza wakaongeza, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama wangenifukuza. Maswali yangu niliyaacha mkobani. Mama aliyekaa kando yangu, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliniuliza nilikotoka kabla ya Amerika. Nikamsimulia habari za bonde, ukumbi, na muungano ambao watu wa pale walitoka. Alisikiliza akichambua miba ya samaki.

"Donc batu benyewe njo balichagua kutoka?"

"Ndiyo. Walipiga kura."

"Sisi, hakuna mutu alituulizaka," alisema, akaendelea na samaki wake.

Waliponisindikiza kituoni walinipa chakula kilichofungwa kwa karatasi ya foili. Nilikila Whitehall siku kadhaa mfululizo, peke yangu, nikikipasha moto kidogo kidogo. Nilimwandikia profesa ukweli wote. Alisema ni ripoti nzuri sana, hasa sehemu ya wimbo.

Kiangazi chote nilikaa chuoni, kwenye chumba kisicho na dirisha, nikipanga maneno ya watu. Mama wa ukumbi wa Wales alinipigia simu kila Jumapili, wakati kwake ni jioni na kwangu mchana. Mwanzoni tulizungumza habari za kazi. Kisha hapakuwa na kazi ya kuzungumza, tukawa tunaambiana tulichopika. Safari moja aliniambia ukumbi umeuzwa. Mnunuzi ataugawa vyumba vya kupangisha. Nikangoja aseme neno juu ya kura yake, nione kama amejuta, lakini hakusema, nami sikuuliza. Aliniambia tu kwamba bado huamka saa ileile ya kwenda kufungua mlango, halafu hukaa kitandani.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nasikiliza mabomba ya maji," alisema.

Buffalo nilikwenda majani ya miti yalipokuwa yanadondoka. Kikundi cha huko kilikuwa upande wa mashariki wa jiji, akina mama wengi wakiwa wa Uvira na Fizi, huko Kongo, na darasa lao la Kiingereza lilikuwa limekatikiwa fungu pia. Safari hii nilipopiga simu sikuzunguka.

"Mama, sileti fungu," nilisema. "Sileti kitu chochote. Nakuja kusikiliza tu."

Upande wa pili mtu alicheka, kicheko kirefu cha kifua. "Kama hauna kitu, leta mikono. Mwalimu wetu alipata kazi ingine. Weye unajua Kiingereza?"

"Najua."

"Basi weye njo mwalimu ya Jumamosi."

Huyo kiongozi wao alikuwa mjane, mrefu, anafanya kazi kiwandani. Alinipokea nyumbani kwake, nyumba ya mbao yenye ngazi ya nje, akanipa kitanda cha binti yake aliyeolewa. Darasa lilifanyika kwenye chumba cha nyuma cha duka la vyakula la rafiki yake, kati ya magunia ya mchele. Kitabu walichokuwa wakikisoma si cha Kiingereza hasa. Kilikuwa kitabu cha sheria za barabarani, kwa sababu viwanda viko mbali, mabasi huchelewa, na bila leseni mtu hapati zamu nzuri. Walijifunzia Kiingereza humo humo.

Nikafundisha. Alama ya kusimama, alama ya kupisha, basi la shule likiwasha taa nyekundu. Wakaandika. Mmoja akauliza: ukifika njia panda pamoja na mwenzako, nani anatangulia? Nikasoma jibu. Akasema jibu ameliona, anataka kujua mimi huwa nafanyaje.

"Sijawahi," nikasema. "Sijui kuendesha gari."

Walinitazama. "Mwalimu hana permis?" akauliza mwenyeji wangu.

"Sina."

Walicheka mpaka mwenye duka akaja kuchungulia. Nami nikacheka, na nilipokuwa nacheka nikagundua kwamba mashavu yananiuma, kama mguu uliokaa muda mrefu bila kutembea.

Jumamosi hiyo nilisahau tena maswali yangu. Niliyauliza kesho yake, wakati mwenyeji wangu anasonga ugali. Mlifanyaje fungu lilipokatika? Akasema hawakufanya kitu. Walikuja Jumamosi kama kawaida, mlango wa jengo walilokuwa wakisomea zamani umefungwa, wakasimama nje kwenye baridi, mwenye duka akawaona.

"Na kama asingewaona?"

"Tungerudia ku nyumba," alisema. "Ulifikiri nini?"

Nilirudi Columbus, nikarudi tena Buffalo, kwanza kwa gharama ya utafiti, baadaye kwa yangu. Safari ni ya kutwa nzima kupitia Cleveland. Nilimwambia profesa kwamba ninakamilisha mahojiano. Majira ya baridi yaliyofuata aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba ule msaada wa utafiti hautaendelezwa. Alionekana kuona haya zaidi kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimeizoea sentensi hiyo. Nilishawahi kuisema mwenyewe kwa wengine, kwa Kiingereza kile kile. Ripoti ilitoka. Ina jalada zuri. Sijui nani ameisoma.

Nikahamia Buffalo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine palipokuwa na mtu anayejua saa ninayofika. Nilipanga chumba cha juu, mitaa michache kutoka kwa mjane. Nikapata kazi ya ukalimani wa simu. Navaa vipokea sauti asubuhi, nakaa mezani, na hospitali za majimbo mengine huniita: daktari anasema, mimi nasema, mgonjwa anasema, mimi nasema. Nazungumza Kiswahili kutwa na watu nisiowaona. Mzee mmoja alinishukuru akaniuliza niko chumba gani cha hospitali aje anisalimie. Nikamwambia niko mbali. Daktari akasema asante, simu ikakatika. Sikujua vipimo vyake vilisemaje.

Darasa liliendelea. Mjane alifaulu mtihani wa maandishi, kisha wa barabarani kwa mara ya pili, akanunua gari kuukuu. Siku ile tulipika, tukaimba, na nilijisikia nimefanya kitu duniani. Ndipo akapata zamu kwenye kiwanda cha mbali chenye mshahara bora, ikamlazimu kufanya kazi Jumamosi. Waliomfuata kufaulu nao wakapata zamu. Hivyo ndivyo tulivyotaka. Kila aliyefanikiwa akaacha kuja, na mimi, ambaye mtihani wa barabarani umenishinda kwa woga, nikabaki na magunia.

Wiki moja ya karibuni hakuja mtu mpaka nilipokuwa nataka kuondoka. Ndipo akaingia mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni, koti limefungwa juu ya mtoto. Alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na Kiswahili chake kilinigusa, maana kilikuwa Kiswahili cha kwetu, hakina permis wala donc.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa hapa kuna mradi."

"Marahaba. Mradi hakuna, mwanangu. Ulikuwapo, ukaisha."

"Sasa kuna nini?"

"Kuna kitabu. Na mimi."

Akatazama magunia, akanitazama, akamshusha mtoto akamlaza juu ya koti. Tulisoma alama zote mpaka mwenye duka akaanza kufunga. Alikuwa mwepesi kuliko wote niliowafundisha. Alitaka kujua kila neno, hata yaliyo kwenye jalada, na alipoondoka aliniuliza kama Jumamosi ijayo nipo. Nikamwambia nipo.

Hakuja. Mwenye duka alisikia kwamba mumewe amepata kazi kwenye kiwanda cha nyama huko Iowa, wakaondoka katikati ya wiki na familia nyingine iliyokuwa na nafasi garini. Nilikaa mpaka muda ukaisha. Kisha nikavaa koti, nikanunua mkate na maziwa hapo hapo dukani, nikamwambia mwenye duka tuonane Jumamosi, akasema inshallah, mama, nami nikapanda mtaa kuelekea chumbani kwangu.